Shekhar Mehta: Mguu wa kulia ulioiteka Safari mara tano

MVUA ikinyesha siku mbili mfululizo, dereva anayetoka kwenye lami pale Isaka na kuingia njia ya kijijini anakutana na ule udongo mweusi wa mbuga ambao wakulima wa pamba na mpunga wa Shinyanga wanaujua vizuri. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikija unakuwa sabuni. Lori lenye nguvu ya kuvuta kontena kutoka bandari kavu ya Isaka hadi Kigali linaweza kubaki pale pale, matairi ya nyuma yanazunguka bure, utingo anahangaika kutafuta mawe na matawi ya kutupia chini.

Siku hizi si malori peke yake. Pesa ya dhahabu ya Kahama na Geita imeleta magari ya vijana, Mark X na Crown kwa wingi, injini ya silinda sita mbele na nguvu yote inakwenda nyuma. Kwenye dashibodi kuna kitaa kidogo cha njano, kigari chenye michirizi miwili ya matairi yanayoserereka. Kikiwakawaka maana yake kompyuta imeona matairi ya nyuma yanazunguka haraka kuliko ya mbele, hivyo inapunguza nguvu ya injini au inabana breki ya tairi lililopoteza mshiko. Kwenye lami yenye maji ni mkombozi. Kwenye matope ya mbuga mambo yanageuka. Kompyuta inakata nguvu wakati ule ule gari linahitaji kusukumwa, na gari linazama. Sensa ya tairi ikijaa udongo, au mtu akifunga nyuma matairi yenye ukubwa tofauti na ya mbele, hesabu inaharibika, kitaa kinaganda, na mfumo mzima unajizima bila kuaga. Dereva aliyezoea kubebwa na kompyuta anajikuta ghafla yuko peke yake na farasi 200 mgongoni.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtu aliyeishi karibu miaka 20 katika upweke huo, tena kwa hiari yake na kwa mwendo wa mashindano. Jina lake Shekhar Mehta.

Alizaliwa Uganda Juni 20, 1945, katika familia ya Kihindi yenye mali na mashamba makubwa. Kijana wa namna hiyo angeweza kukaa kwenye kiti cha ofisi ya baba yake hadi uzee, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akachagua barabara za vumbi. Mashindano makubwa ya ukanda huu wakati huo yalikuwa East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kila Pasaka. Hayakuwa na barabara iliyofungwa. Magari ya mashindano yalikuwa yakikutana na ng'ombe, mabasi na malori kama msafiri mwingine yeyote, usiku na mchana, kwa maelfu ya kilomita. Mvua ikiamua, ilikuwa balaa. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mwaka 1968 yakawa saba tena.

Pasaka ya 1971 Mehta alimaliza wa pili, msoma ramani wake akiwa Mike Doughty. Gari lilikuwa Datsun 240Z, na mwenzake wa timu Edgar Herrmann ndiye aliyeshinda kwa gari kama hilo hilo.

Hapa inabidi kusimama kidogo na hiyo 240Z, maana ndiyo iliyomfundisha. Injini ya lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, boneti refu kama pua ya mamba, dereva amekaa nyuma kabisa karibu na ekseli. Uzito wa injini uko mbele, kazi ya kusukuma iko nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona ya changarawe, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko, mkia unatoka, na gari linataka kugeuka liangalie ulikotoka. Ukishtuka ukaachia mafuta ghafla, uzito unarudi mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na mkia unazidi kutoka. Yaani kosa ni kukanyaga na kosa ni kuachia. Msaada pekee wa kiufundi uliokuwepo kwa magari ya rali ya enzi hiyo ni difu inayobana, ile inayohakikisha tairi moja likizunguka bure nguvu haimwagiki yote upande huo. Lakini difu hiyo haina macho. Haijui kama mbele kuna daraja la magogo au shimo. Kipimo cha mafuta kilibaki kwenye kifundo cha mguu wa kulia.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Akina Mehta nao wakaondoka. Mashamba, nyumba, heshima ya miongo kadhaa, vyote vikabaki nyuma ya mpaka. Shekhar, akiwa na miaka 27, akaanza upya Kenya. Kwa hiyo gari lililopanga mstari Pasaka iliyofuata lilikuwa na mtu ambaye miezi michache nyuma alipoteza nchi aliyozaliwa. Wapo wanaopenda kusema mchezo ni mchezo tu. Huyu alikuwa hana pengine pa kurudi.

Mwaka huo, 1973, ndio uliozindua ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa raundi mojawapo. Mehta alikuwa na 240Z, safari hii msoma ramani ni Lofty Drews. Utaratibu wa mashindano ulikuwa hivi: kila kipande cha njia kina muda wake, ukichelewa dakika moja kwenye kituo unaandikiwa dakika moja ya adhabu, na mwenye adhabu ndogo ndiye mshindi. Muda wenyewe ulipangwa mkali kiasi kwamba kila mtu atachelewa mahali fulani. Swali ni wapi, na kiasi gani.

Baada ya zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi na matope, hesabu zikapigwa. Mehta dakika 406. Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS ya timu ile ile, dakika 406. Sare! Mbio za siku kadhaa zikaishia kwenye namba moja, na viongozi wakalazimika kufungua kanuni. Kanuni ilisema ushindi uende kwa aliyefika mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta.

Kanuni hiyo inafaa kutazamwa vizuri. Katika Safari ya zamani watu walikuwa wanachana gari tangu siku ya kwanza, wakitafuta kuongoza, halafu ekseli inawasaliti. Kwa magari mawili yaliyolingana dakika kwa dakika, kilichowatenganisha kilikuwa usafi wa mwanzo, ule muda ambao kila dereva bado ana matairi mapya na kichwa moto. Gari lenye nguvu kubwa nyuma linamtaka dereva alichapuze mapema, na Mehta ndiye aliyedumu bila doa kwa umbali mrefu zaidi. Akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika Mashariki kushinda raundi ya ubingwa wa dunia.

Miaka mitano iliyofuata ikawa ya wengine. Joginder Singh, Mkenya mwingine mwenye asili ya Kihindi, akachukua 1974 na 1976. Ove Andersson, Björn Waldegård na Jean-Pierre Nicolas wakagawana iliyobaki. Njia nayo ilikuwa imekatwa, Uganda na Tanzania zimetoka, mashindano yamebaki ndani ya Kenya na kuitwa Safari Rally. Kwa mashabiki wa huku lilikuwa pigo, maana vumbi lao likabaki la kusimuliwa redioni. Mehta hakuacha. Alizunguka pia rali za mabara mengine, na mara nyingi aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea njia ni mkewe, Yvonne. Si ndoa nyingi zinazoweza kustahimili mtihani huo.

Kisha ikaja 1979, na hadithi ikageuka kabisa. Mercedes-Benz waliingia na 450 SLC, injini ya V8 ya lita 5, gia za kujibadilisha zenyewe, matairi ya nyuma yakibeba nguvu yote. Lilikuwa jumba la kifahari linalokimbia. Usukani mmojawapo alikabidhiwa Hannu Mikkola wa Finland, ambaye mwaka 1972 alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Mehta alikuwa na kigari cha mtaani kikilinganishwa na hicho: Datsun 160J, injini ya lita 2, nacho kikisukumwa na matairi ya nyuma. Doughty amerudi kiti cha kushoto kwake. Mikkola alimaliza wa pili. Mehta wa kwanza.

Mercedes walirudi 1980. Mehta wa kwanza tena, Rauno Aaltonen wa pili kwa Datsun nyingine, na Vic Preston Junior akalisogeza lile dude la V8 hadi nafasi ya tatu. Nguvu ilikuwepo tele. Lakini kilomita za Safari hazihesabiwi kwa mwendo wa juu pekee. Kila mara matairi ya nyuma yakizunguka bure kisha yakashika ghafla kwenye jiwe, mshtuko unapanda kwenye difu, kwenye ekseli, kwenye gia. Gari zito lenye nguvu nyingi linalipa mshtuko huo mara mbili. Gari jepesi mikononi mwa mtu mwenye mguu mtulivu linalipa kidogo, na kwenye siku ya tatu ndipo bili inaletwa.

Akashinda 1981. Mwaka huo alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva. Akashinda 1982, akimwacha nafasi ya pili Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwisho wa msimu ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Minne mfululizo, mitano jumla. Waldegård alikuja kufikisha ushindi wa nne mwaka 1990, akaishia hapo. Kwenye raundi za Safari zilizohesabiwa katika ubingwa wa dunia, hakuna aliyemfikia Mehta hadi leo.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imebadilika. Audi walikuwa wameleta Quattro, magari yanayosukuma kwa matairi yote manne, na kila mtu alijua magari ya nyuma pekee yanahesabiwa siku. Mehta alipewa Nissan 240RS, bado nguvu nyuma, kwenye enzi ambayo wapinzani wake Ulaya walikuwa na matairi manne ya kushika ardhi. Hakushinda tena. Jambo la kufurahisha ni kwamba Safari yenyewe iliendelea kuwabeba wakaidi: Opel iliyosukuma nyuma ilishinda 1983, na Toyota Celica yenye taabo, nayo ya nyuma, ikachukua 1984, 1985 na 1986. Kenya ilikuwa kimbilio la mwisho la gari la namna ile.

Mwisho wake kama dereva haukuwa mzuri. Mwaka 1987, katika rali ya Mafarao nchini Misri, akiwa na Peugeot, alipata ajali mbaya jangwani na kuumia vibaya. Mguu uliozoea kupima mafuta ukaachana na mashindano.

Akahamia mezani. Alifika hadi kuongoza kamisheni ya rali ya FIA, chombo kinachotawala mbio za magari duniani, katika miaka ambayo chombo hicho kilikuwa kinahangaika na lile lile swali la kitaa cha njano. Kwenye Formula 1, magari ya nguvu kubwa yanayosukuma nyuma, FIA ilipiga marufuku vifaa vya kudhibiti msereleko kuanzia 1994. Ikashindwa kuthibitisha nani anaficha nini ndani ya programu za kompyuta, ikasalimu amri na kuruhusu kuanzia mbio za Hispania 2001. Siku hiyo hiyo David Coulthard wa McLaren akazimikiwa na gari kabla ya mbio kuanza na kupelekwa nyuma kabisa ya wote. Wiki chache baadaye kule Monaco yakamkuta tena, safari hii akiwa na nafasi ya kwanza ya kuanzia, na lawama zikaenda kwenye mfumo wa elektroniki wa kuondokea. Kompyuta ya timu tajiri namna ile, kwenye lami kavu, bila tone la matope! Marufuku ilirudishwa 2008.

Mehta hakuiona hiyo. Alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla ya Pasaka, wiki ambayo katika miaka yake magari yalikuwa yakijipanga kwa ajili ya Safari.