Jane Addams, Jirani wa Mtaa wa Halsted

Sisi tunaosoma falsafa hukutana mapema na jina la John Dewey. Ni wachache wetu wanaomfahamu mwanamke wa Chicago ambaye Dewey alikwenda mara nyingi nyumbani kwake, akafundisha pale, naye akajifunza. Jina lake ni Jane Addams.

Alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois, Marekani. Alifiwa na mama akiwa na miaka miwili. Baba yake, mwenye kinu na seneta wa jimbo, alifariki mwaka 1881, mwaka uleule binti alipomaliza masomo huko Rockford. Alianza kusomea udaktari, maradhi ya mgongo yakamkatisha. Ikafuata miaka ya kusafiri Ulaya bila kujua elimu yake aifanyie nini. Hata sisi tunawafahamu vijana walio katika hali hiyo, na si wote wako mbali na mabweni yetu.

Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall, London, nyumba ambamo wasomi wa vyuo vikuu waliishi katikati ya maskini. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Septemba, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia jumba kuukuu katika mtaa wa Halsted, Chicago, lililoitwa Hull House. Majirani walikuwa Waitaliano, Wajerumani, Waayalandi, Wagiriki, na Wayahudi waliotoka Urusi na Poland. Starr, tukumbuke, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1920 na kumalizia siku zake katika nyumba ya watawa.

Krismasi ya kwanza waliwapa wasichana wa mtaani pipi, nao wakazikataa. Kumbe walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha pipi tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, hata hawakutaka kuziona. Basi wenyeji wetu wakaanza kuuliza kabla ya kutoa. Zikaja shule ya chekechea, madarasa ya jioni, vilabu vya vijana, uwanja wa michezo, na bendi ambamo Benny Goodman alijifunzia muziki utotoni. Mwaka 1900 waliongeza makumbusho ya kazi za mikono, kwa kuwa watoto waliosoma Kiingereza walikuwa wakiwaonea aibu mama zao. Pale waliwaona mama hao wakisokota uzi mbele ya wageni waliowastaajabia.

Lakini tukio linalotugusa zaidi ni kosa lake. Katika majira ya baridi ya miaka ya shida ya uchumi, karani aliyepoteza kazi alikuja kuombea familia yake msaada. Kanuni ilikuwa kwamba kwanza mtu ajaribu kazi iliyopo, na iliyokuwapo ilikuwa kuchimba mfereji. Karani alieleza kwamba maisha yake yote alifanya kazi ndani ya nyumba, hataiweza baridi ya nje. Addams alishikilia kanuni. Yule bwana alichimba siku mbili, akapata kichomi, akafa baada ya wiki moja. Aliacha watoto wawili wadogo, na Addams hakuacha kuwafuatilia. Baadaye alilisimulia jambo hilo mwenyewe, kitabuni, bila kujitetea. Sisi tunaokariri kanuni za maadili kwa ajili ya mtihani tulilisoma tukakaa kimya.

Mwaka 1895 aliteuliwa mkaguzi wa takataka wa kata yake, akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka. Wenzake wa Hull House, akiwemo Florence Kelley, walipigania sheria ya viwanda ya mwaka 1893 iliyozuia kuajiri watoto wa chini ya miaka 14 viwandani, na mahakama ya watoto iliyoanzishwa Chicago mwaka 1899.

Vita Kuu ilipokuja, aliipinga. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa wanawake wa kutafuta amani huko The Hague, na nyumbani magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakamgeuka. Tuzo ya Nobel ya Amani aliipata mwaka 1931, pamoja na Nicholas Murray Butler.

Alifariki tarehe 21 Mei 1935. Kabla ya kuzikwa Cedarville, mwili wake uliwekwa Hull House, na maelfu ya watu wakapita kumuaga.