Abul-Abbas wa Nishapur: Kiziwi Aliyetufikishia Elimu ya Imamu Shafii

Katika watu waliotufikishia elimu ya Imamu Shafii sisi watu wa pwani, yumo mmoja ambaye jina lake ni nadra kutajwa barazani, ingawa wanachuoni wa hadithi wanamjua vizuri. Huyo ni Abul-Abbas Muhammad bin Yaakub wa Nishapur, mji wa Khurasan katika Iran ya leo. Vitabu vinamwita Al-Asamm, yaani kiziwi.

Alizaliwa mwaka 247 Hijria (861). Mwaka 265 baba yake alimchukua safari ya kutafuta elimu, wakapita Isfahan, Makka, Misri, Sham na Iraki. Huko Misri alimkuta Ar-Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe, akasikiliza kwake vitabu vya Imamu. Aliporudi kwao, umri wake miaka 30 hivi, alikuwa keshahesabiwa mwanachuoni mkubwa. Ndipo uziwi ulipomwingia, ukazidi hata ikawa punda akilia hamsikii.

Habari hizi zinanigusa, kwani nami ninavaa vyombo vya kusikilizia katika masikio yote mawili. Wengi hudhani kuwa avaaye vyombo hivyo husikia kama zamani. Sivyo. Sikio zima, likisaidiana na ubongo, hupepeta sauti kama mwanamke apepetavyo mchele, makapi yakaenda zake. Sikio bovu limepoteza ungo huo, na chombo huliongezea mchele na makapi pamoja. Vyombo vya siku hizi vina maikrofoni za kuelekea mbele na hujitahidi kupunguza makelele, lakini ungo uliopotea haviwezi kuurudisha.

Nyumbani kwangu Kawangware namsikia mgeni wangu neno kwa neno. Lakini siku ya Ijumaa, tukitoka Msikiti wa Jamia katikati ya Nairobi, honi za matatu zikilia na watu mia wakiamkiana kwa pamoja, salamu ya rafiki aliyenishika mkono hunifikia kama uvumi wa bahari.

Je, Abul-Abbas, ambaye hakuwa na chombo chochote, aliishije na watu? Alikula kwa jasho lake, akinakili vitabu kwa mkono, maana alichukia kulipwa kwa ajili ya hadithi. Aliadhini katika msikiti wake kwa miaka 70. Fikiri, ndugu msomaji: mtu awaitaye wenziwe kwenye sala kwa sauti ambayo masikio yake mwenyewe hayaipati! Na alisomesha hadithi kwa miaka 76, akasikilizwa na baba, na mwana, na mjukuu.

Darasa za zama zile zilikuwa na utaratibu. Sheikh husema peke yake, na wanafunzi huandika. Umati ukiwa mkubwa husimama mtu aitwaye mustamli, akayarudia maneno kwa waliokaa mbali. Utaratibu huo haukuwekwa kwa ajili ya viziwi. Uliwekwa kwa sababu katika umati kila mtu ni kiziwi kidogo.

Jambo moja lilimuudhi: kuitwa Al-Asamm. Kwa hiyo Imamu Abubakar bin Is-haka wa mji huo alimwita Al-Maakili, kwa jina la babu wa baba yake, Maakil. Kwetu pia twawaita watu Kiziwi na Chongo, tukadhani wamezoea. Mtu huzoea kutosikia. Kuitwa kwa upungufu wake hazoei. Basi nami namwita Al-Maakili.

Mwaka 344 (955) alitoka nyumbani akakuta njia imejaa watu waliomngojea. Wakambeba mabegani hadi msikitini, naye akaketi akalia. Baadaye macho nayo yakatoka. Aliyetaka hadithi alimtia kalamu mkononi. Mzee akajua anaombwa nini, akasoma kwa moyo hadithi 14 na visa 7 alivyovihifadhi. Alifariki mwezi wa Mfungo Saba mwaka 346 (957), mwenye umri wa miaka 99. Kitabu kiitwacho Musnad ya Imamu Shafii kimetokana na hadithi alizozipokea kwa Ar-Rabii.

Kama una mzee au ndugu avaaye vyombo vya masikio, usimpigie kelele harusini au hotelini. Kelele huvuruga maneno. Mwite kwa jina lake kwanza. Mkalishe pembeni, makelele yawe mgongoni kwake, nawe ukae mbele yake, karibu, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Aseme mmoja mmoja. Asipolipata neno, libadili, usilirudie lile lile mara tatu. Na ikishindikana kabisa, usimwambie kuwa si kitu, nitakueleza baadaye. Chukua kalamu, kama walivyofanya watu wa Nishapur kwa Al-Maakili.

Mwenyezi Mungu amrehemu.