Kabla ya Jackie Robinson kulikuwa na Fleet Walker, na walimfungia mlango

Nikikuuliza mweusi wa kwanza kucheza besiboli ya ligi kubwa Marekani ni nani, najua utanitajia Jackie Robinson, 1947. Wengi husema hivyo. Sasa rudi nyuma miaka 63, mpaka mji wa Toledo, jimbo la Ohio, utampata msee anaitwa Moses Fleetwood Walker. Mabeshte walimwita Fleet.

Fleet alizaliwa Ohio mwaka 1856. Kichwani alikuwa mkali: alisoma Oberlin, kisha akaenda Michigan kusomea sheria. Lakini mpira ulikuwa umemteka. 1883 akajiunga na Toledo, timu ya ligi ndogo. Kazi yake ilikuwa kudaka, yaani unachuchumaa nyuma ya mpigaji na mpira unakujia kama jiwe. Na hizo glavu nono unaziona kwa TV hazikuwepo. Mara nyingi jamaa alidaka na mikono mitupu. Hebu fikiria hivyo vidole.

Hata kabla msimu uanze, watu wa Peoria walileta hoja kwa kikao cha ligi ati weusi wasicheze. Ikaangushwa. Halafu Agosti 10, Chicago, timu kubwa ya ligi kubwa, wakaja Toledo kwa mechi ya kirafiki. Kapteni wao Cap Anson, staa wa enzi hizo, akasema hachezi kama Fleet yuko uwanjani. Hapa ndio utamu uko: Fleet alikuwa ameumia mkono, na siku hiyo alikuwa apumzike. Kocha wa Toledo, Charlie Morton, kusikia hivyo akampanga makusudi, kisha akamwambia Anson akikataa kucheza asahau pesa za geti. Anson akacheza. Kumbe msimamo wake ulikuwa na bei.

Toledo wakabeba ligi, na 1884 wakapanda ligi kubwa. Fleet akacheza mechi 42, na ndugu yake Welday akaingia mechi chache pia. (Kuna William Edward White aliyecheza mechi moja 1879, lakini huyo aliishi akihesabiwa mzungu.) Noma ilikuwa ndani ya timu. Mrushaji wao, Tony Mullane, alikataa kufuata ishara za mtu mweusi. Anatupa venye anajiskia, na Fleet anadaka bila kujua nini kinakuja. Miaka mingi baadaye Mullane alikiri hakuwahi kurushia mdakaji mkali kumliko Fleet. Umechelewa, buda.

Msimu ukielekea kuisha, barua ikatoka Richmond, Virginia: wanaume 75 wameapa kumvamia akitokea uwanjani huko. Fleet hakwenda. Alikuwa majeruhi, na muda si mrefu timu ikamwachilia.

Akarudi ligi ndogo. 1887 alikuwa Newark pamoja na George Stovey, mrushaji mweusi aliyekuwa moto. Julai 14 nani akaja mjini? Anson tena. Safari hii hakukuwa na Morton wa kumshika mfuko, na Fleet na Stovey hawakucheza. Siku hiyohiyo, huko Buffalo, wenye timu za ligi hiyo walikaa wakapiga kura: hakuna kandarasi mpya kwa mchezaji mweusi. 6 kwa 4. Kura mbili tu zingehama, mambo yangekuwa mengine.

Fleet alihamia Syracuse, akabeba ligi 1888, mwaka uliofuata akaachwa. Baada yake ligi hiyo haikuona mweusi hadi Jackie Robinson alipovaa jezi ya Montreal, 1946.

Maisha ya baadaye yalikuwa ya kupanda na kushuka. 1891 alizozana na wazungu mtaani Syracuse, akatoa kisu, mmoja akafa. Jopo la mahakama, wazungu watupu, likamwachilia huru. Baadaye akafungwa mwaka mmoja kwa wizi wa barua za posta. Akaendesha ukumbi wa maonyesho mji wa Cadiz, Ohio. Na 1908 akatoa kitabu, Our Home Colony, akiwaambia weusi wa Marekani wafunge virago wahamie huku kwetu Afrika. Huyu ni mtu ambaye wazungu walijaa uwanjani kumtazama, na hapo ndipo hesabu zake zilimfikisha.

Yeye mwenyewe hakuhama. Alifariki Cleveland 1924, akazikwa Steubenville, Ohio. Kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 60 bila jiwe wala jina.