George Adamson, mzee aliyefuata nyayo za simba hadi kifo chake

George Adamson aliuawa kwa risasi tarehe 20 Agosti 1989 huko Kora, karibu na mto Tana, nchini Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 83. Wakenya wengi walimjua kwa jina moja tu: Baba ya Simba.

Alizaliwa mwaka 1906 huko Etawah, nchini India, akafika Kenya mwaka 1924 kwenye shamba la kahawa la baba yake. Kilimo hakikumkaa moyoni. Alitafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akawinda. Mwaka 1938 aliajiriwa na idara ya wanyamapori, na mwaka 1944 akamuoa Joy, mwanamke mzaliwa wa Austria.

Mwaka 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kabisa, Elsa, alibaki na kufundishwa kuwinda. Aliachiliwa porini, akapata dume wa pori na kuzaa watoto watatu. Kitabu cha Joy juu ya Elsa, kilichotoka mwaka 1960, kilisomwa duniani kote. Elsa alikufa Januari 1961. Watoto wake walianza kula mifugo ya wanakijiji, ikabidi wahamishiwe Serengeti, Tanganyika. George aliwatafuta huko kwa miezi mingi, akifuata nyayo na kusikiliza ngurumo usiku.

Kazi ngumu zaidi ilianza Kora mwaka 1970, kwani safari hii alikuwa na madume.

Dume la simba hufukuzwa kwenye kundi alimozaliwa akiwa na umri wa miaka miwili hadi minne. Akibaki peke yake, maisha yake ni ya kukimbia. Ndiyo maana ndugu, au hata madume wasio ndugu, huungana wawili au watatu, wanazunguka pamoja na kunyang'anya madume wengine eneo pamoja na majike wake. Wakishinda, mara nyingi huua watoto waliowakuta. Mpaka wao huulinda kwa mkojo, kwa ngurumo zinazosikika kilometa kadhaa, na kwa meno.

George aliijua sheria hiyo. Aliwaweka pamoja Boy, dume mkubwa aliyecheza katika filamu ya Elsa, na Christian, dume mdogo aliyenunuliwa dukani London na vijana wawili wa Australia. Alitaka wawe kichwa cha kundi jipya, kwa sababu simba wa pori wa Kora hawakuwataka wageni hao.

Mpango ulivunjika mwaka 1971. Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na George akampiga risasi simba aliyemlea. Christian akabaki bila mwenzake mbele ya madume wa pori. Alianza kwenda mbali zaidi na zaidi, akavuka Tana, na tangu mwaka 1973 hakuonekana tena.

Tukio la Boy liliwapa nguvu waliompinga George. Walisema simba aliyelelewa na mtu hamuogopi tena mtu, na hiyo ni hatari kwa wanavijiji. Kuna wakati serikali ilimkataza kupokea simba wapya. Hata hivyo majike wake walizaa na madume wa pori, na Kora, ambayo hapo awali haikuwa na ulinzi wowote, iliwekwa chini ya hifadhi.

Joy aliuawa Januari 1980, huko Shaba. Wakati huo waliishi mbalimbali. George aliendelea kukaa Kampi ya Simba, ingawa majangili wenye bunduki za kivita walizidi kuingia kutafuta pembe za ndovu na faru. Siku ile ya Agosti, watu wenye silaha walishambulia gari lililokuwa na mgeni wake na mfanyakazi wake. George alisikia milio, akapanda gari na wasaidizi wake, akaenda moja kwa moja kwa washambuliaji. Waliokuwa kwenye gari lile la kwanza walipona. Yeye na wafanyakazi wake wawili waliuawa.

Alizikwa Kora, karibu na ndugu yake Terence na karibu na kaburi la Boy.