Louis Leakey: Jamaa Aliyechimba Mahali Walisema Hakuna Kitu

Unajua vile watu wa Nairobi huuliza ukiwaambia unatoka Garissa. Kwanza joto. Halafu, kwani huko kuna nini? Unataja ngamia, unataja mto, wanacheka, mambo yanaishia hapo. Mimi nimechoka kujibu. Siku hizi nawasimulia habari za Louis Leakey, na leo nakusimulia wewe.

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza, lakini yeye alikulia kati ya Wakikuyu. Aliongea lugha yao kama mtoto wa hapo, akaingizwa kwenye rika, akapewa jina la Wakaruigi. Akiwa bado kijana mdogo alisoma kitabu kuhusu watu wa kale na zana zao za mawe. Basi akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Nyumbani hakuna aliyeona maana yake. Alipompelekea Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, akaambiwa kwamba baadhi yake ni zana za kweli. Kumbe alikuwa akitembea juu ya historia kila siku.

Akaenda Cambridge. Chuo kilidai ajue lugha za kisasa, naye akaandikisha Kikuyu kuwa mojawapo. Wakakubali! Halafu mwaka wa 1923 akaumia kichwa akicheza raga. Maumivu yakazidi, madaktari wakamwambia aache masomo kwa muda. Badala ya kukaa kitandani, alijiunga na msafara uliokuwa ukienda Tendaguru, huko kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Pale ndipo alijifunza kazi: jinsi ya kusoma tabaka za udongo, jinsi ya kutoa mfupa uliogeuka jiwe bila kuuvunja. Mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani. Sikupata msafara wowote wa dinosaria. Nilirudi kwetu kuuza kredo. Leakey yeye alirudi darasani, akamaliza mwaka wa 1926.

Sasa sikiza hapa. Wakati huo wasomi wengi waliamini chimbuko la binadamu ni Asia, kwa sababu mifupa ya zamani ilikuwa imepatikana Java, kisha karibu na Beijing. Leakey alishauriwa na profesa asipoteze wakati wake Afrika. Ni kama kuambiwa huko hakuna kitu. Akapanda meli akarudi Kenya.

Kabla hatujaendelea, tusahihishe jambo moja linalozua kelele kila likitajwa kijiweni. Sayansi haisemi kwamba babu yako alikuwa yule tumbili anayeiba maembe kwenye mashamba ya kando ya Tana. Inasema binadamu, sokwe na tumbili wana mababu wa pamoja wa zamani sana, halafu kila ukoo ukashika njia yake. Tumbili ni binamu wa mbali. Imani yako ni yako na sikuja kuigusa. Mimi nasimulia maisha ya mtu.

Na mtu huyo hakuwa malaika. Mwaka wa 1932 alipata kipande cha taya huko Kanam, kando ya Ziwa Victoria, akatangaza kwamba ni cha binadamu wa kale kuliko wote. Mwanajiolojia Percy Boswell akaja mwaka wa 1935 kuthibitisha. Leakey akashindwa kumwonyesha mahali hasa taya lilipotoka. Alama za chuma alizoacha zilikuwa zimeng'olewa, na picha aliyotumia ilikuwa ya sehemu nyingine. Ilikuwa aibu kubwa, tena mbele ya wasomi wote wa Uingereza. Miaka hiyo hiyo alimwacha mke wake, Frida, akiwa na watoto wawili, mmoja bado mchanga. Akamwoa Mary Nicol mwaka wa 1936. Milango ya Cambridge ikafungwa.

Kuna doa lingine ambalo wazee hawakusahau. Jomo Kenyatta alipofikishwa mahakamani Kapenguria mwishoni mwa 1952, mkalimani wa serikali alikuwa huyu huyu Wakaruigi. Mawakili wa utetezi walimlalamikia kwamba anaegemea upande mmoja, hatimaye akajiondoa.

Lakini hakuacha kuchimba. Mwaka wa 1948, kwenye kisiwa cha Rusinga, Mary alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Huko Olduvai, Tanganyika, walikuwa wakirudi tangu miaka ya 1930. Pesa kidogo, maji ya shida, jua kama hili letu. Tarehe 17 Julai 1959, Leakey alikuwa kambini anaugua homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Dunia ikageuza macho kutoka Asia hadi Afrika Mashariki. Umaarufu mwingi ulimwendea Louis. Jicho lilikuwa la Mary. Na mikono iliyochimba kwa miongo ilikuwa pia ya Waafrika kama Heselon Mukiri, ambao majina yao husomwa mara chache.

Leakey aliamini kwamba mifupa pekee haitoshi. Ukitaka kuelewa mababu walivyoishi, tazama pia binamu walio hai. Ndiyo maana mwaka wa 1960 alimtuma Jane Goodall, msichana wa miaka 26 asiyekuwa na digrii, akaishi na sokwe wa Gombe. Wasomi walishangaa. Miezi michache baadaye Goodall aliona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa. Kumbe kutengeneza na kutumia zana si kwetu peke yetu! Kisha Dian Fossey akaenda kwa masokwe wa milimani, na Biruté Galdikas akaenda Borneo kwa orangutani. Hata kituo cha utafiti wa nyani na jamaa zao, ambacho leo kiko msitu wa Oloolua pale Karen, kilianzia Tigoni mwaka wa 1958 kwa juhudi zake.

Mwisho wake unatugusa sisi. Mwanawe Richard alikuwa amehamia Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Huko ni Marsabit, ndani ya ile NFD ambamo mkoloni alituweka pamoja, Garissa, Wajir na Mandera, kama nchi tupu ya kufungiwa. Mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa wachimbaji, aliona vipande vya fuvu huko. Vilipounganishwa, Richard alimwonyesha babake. Mzee alifurahi sana, maana alikuwa akisisitiza miaka yote kwamba ukoo wetu ni wa kale kuliko walivyodhani wengine. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1972, moyo wake ulisimama akiwa London. Alikuwa na miaka 69. Alizikwa Limuru.

Kwa hivyo ukiulizwa huku kuna nini, jibu unalo. Kaskazini kuna Koobi Fora. Na ukifuata Tana kuteremka kuelekea Masalani, kwenye misitu ya kandokando ya mto, kuna mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Porini hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wamo hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu misitu hiyo inakatwa kwa mashamba na mbao, na mabwawa ya juu yamebadilisha mafuriko yanayoinywesha.

Leakey alipeleka watu hadi Borneo kuwatazama binamu zetu. Wetu wako umbali wa safari moja ya matatu. Umewahi kwenda kuwaona? Mimi bado, naona haya kusema. Likizo hii naenda. Twende?