Babe Ruth na taabu ya kumeza
Wamarekani wanaopenda besiboli hawajamsahau Babe Ruth, mzaliwa wa Baltimore mwaka 1895. Alikuwa pande la mtu, hodari wa kupiga mpira, hodari pia mezani, na mtumiaji mkubwa wa tumbaku.

Mwaka 1946 sauti ilianza kukwaruza, maumivu makali yakamshika juu ya jicho la kushoto. Ilikuwa saratani ya nyuma ya pua. Akapigwa mionzi. Nywele zikanyonyoka, kumeza kukawa taabu, na mlaji yule akapungua zaidi ya kilo 30. Mwaka 1947 akaanza sindano za kila siku za dawa mpya, teropterini, akawa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kutibiwa saratani kwa mionzi na dawa. Kwa muda alikula tena, mwili ukarudi kidogo. Alifariki Agosti 16, 1948, akiwa na miaka 53.

Leo mionzi na dawa hutolewa pamoja hata kwa saratani ya mapafu, na taabu ya kumeza bado ipo: mionzi ya kifuani huchubua umio, dawa huzidisha. Mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu. Usijikaze kimya, maana siku hizi zipo dawa za kutuliza kabla ya kula. Kunywa uji wa maziwa au mtori laini, vuguvugu, bila pilipili, kidogo kidogo mara nyingi. Pima uzito kila wiki. Ukipata homa ya nyuzi 38, nenda hospitali usiku huohuo.