Caroline Herschel na kometi isiyo na jina lake

Caroline Herschel alizaliwa mjini Hanover, Ujerumani, mwaka 1750. Akiwa na umri wa miaka kumi aliugua homa kali iliyodumaza kimo chake, na mama yake akaona kuwa binti huyo angefaa kazi za nyumbani tu.

Mwaka 1772 kaka yake, William, aliyekuwa mwanamuziki, alimchukua kuishi naye Uingereza. William alipogeukia elimu ya nyota, Caroline akawa msaidizi wake, akisugua vioo vya darubini na kukokotoa mahesabu.

Tarehe 1 Agosti 1786 aligundua kometi, yaani nyota yenye mkia, yake ya kwanza. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tatu alimpangia mshahara wa pauni 50 kwa mwaka.

Mwezi Novemba 1795 aliona kometi nyingine. Haikujulikana wakati huo kwamba Mfaransa Pierre Méchain alikuwa ameiona hiyohiyo mwaka 1786. Ni mwaka 1819 ambapo Mjerumani Johann Encke alionyesha kwa hesabu kuwa kometi hiyo hulizunguka jua kila baada ya takriban miaka mitatu na miezi minne, ilhali ile ya Halley huchukua miaka ipatayo 76. Mwaka 1822 ilirejea kama alivyotabiri, nayo ikabaki na jina la Encke.

Caroline alitunukiwa nishani ya dhahabu na wanaastronomia wa London mwaka 1828. Alifariki dunia Hanover mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 97.